Nimechoka na Naruto, mdogo wangu ndiyo kwanza anaanza

Jamani, leo nina la kuungama. Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Endamarariek kula sikukuu, na katika siku kumi nilizokaa nikamharibia mdogo wangu starehe yake moja. Kibaya zaidi, wakati namharibia nilikuwa naamini namfundisha.

Kwa wasiopajua, Endamarariek ni kata katika wilaya ya Karatu, ule upande ambao watalii hawaendi. Wao wakishafika Karatu mjini wanaendelea kupanda Ngorongoro kutafuta faru. Sisi tunageukia kusini, kwenye mahindi, mbaazi, ng'ombe na vumbi jekundu ambalo halitoki kwenye kola ya shati hata ufue mara tatu. Mdogo wangu yuko kidato cha pili. Nilimwachia simu yangu ya zamani, naye akaenda kwenye kaduka kamoja mjini wanakojaza muvi kwenye memori kadi, akarudi na Naruto, tangu ile ya kwanza kabisa.

Siku niliyofika alikuwa ameishia sehemu ya 101. Wanaoijua watacheka sasa hivi. Ndiyo ile ambayo Naruto, Sasuke na Sakura wanahangaika kutwa nzima kutafuta mbinu ya kuona sura ya mwalimu wao Kakashi, ambaye siku zote amefunika uso. Mwisho anakubali kuivua ile barakoa, na chini yake kuna barakoa nyingine. Mdogo wangu alinisimulia hiyo sehemu tangu tunashusha begi mpaka tunamaliza kula. Alikuwa anaigiza sauti zote. Mama anacheka ingawa haelewi kitu (kwake yeye hizo zote ni katuni tu, basi).

Mimi nikamwambia: "Hiyo haipo hata kwenye kitabu. Wameijazia tu. Na ukifika 136 ruka zote mpaka mwisho, ni takataka. Halafu hata hiyo Shippuden ni ya kitoto, utakuja kuona ukikua."

Akanyamaza. Kesho yake hakunisimulia kitu. Keshokutwa pia. Mpaka naondoka nilikuwa namwona tu jioni amekaa nje ya jiko na simu yake, na nikisogea anapunguza sauti.

Sasa niseme wazi kwamba kwa upande wa habari sikumdanganya. Naruto ya kwanza ilianza kuonyeshwa Japani Oktoba 2002 ikaisha Februari 2007, sehemu 220, na kuanzia ile ya 136 hadi karibu na mwisho nyingi mno si za mwandishi Masashi Kishimoto. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Kitabu chenyewe kilikuwa kinatoka kwenye Weekly Shonen Jump, gazeti la kila wiki, kurasa kama 20 kila toleo. Televisheni nayo inatoa sehemu kila wiki, lakini sehemu moja inameza zaidi ya kurasa 20. Kwa hiyo iko siku katuni lazima imfikie mwandishi mgongoni. Hapo kuna njia mbili: uvumbe visa vya kwako ili mwandishi apate kutangulia, au uvute mambo taratibu. Dragon Ball Z walivuta. Freeza anasema sayari ya Namek italipuka baada ya dakika tano, na hizo dakika tano zikaendelea sehemu baada ya sehemu, mpaka ungeweza kupika makande yakaiva.

Halafu lile gazeti la Jump lina utaratibu wa kuwapigisha kura wasomaji wake. Hadithi inayoshika mkia inakatwa, hadithi inayopendwa hairuhusiwi kufa. Ndiyo maana Shippuden iliendelea mpaka Machi 2017 ikagonga sehemu 500. One Piece iko hewani tangu Oktoba 1999 na imepita sehemu 1,100. Oktoba 2025 hata wenyewe walikubali mwendo huo umewashinda, wakatangaza kwamba kuanzia 2026 zitatoka sehemu zisizozidi 26 kwa mwaka badala ya kila wiki. Bleach walikatisha Machi 2012 wakarudi Oktoba 2022 kwa mafungu mafupi. Zilizokuja baadaye, Demon Slayer ya 2019 na Jujutsu Kaisen ya 2020, zilianza hivyo hivyo: fungu moja, pumzika, rudi.

Kwa hiyo mtu akisema amechoshwa na katuni kubwa zinazopendwa, mara nyingi hajigambi. Kachoshwa na kitu ambacho kimerefushwa makusudi. Mimi mwenyewe One Piece niliiacha baada ya 500. Sikugombana nayo. Nilikuwa tu nimeanza kazi, narudi saa tatu usiku, na nikiifungua naona watu walewale wanakimbia kwenye daraja lilelile nililowaacha juzi.

Lakini hayo yanaeleza kuchoka tu. Hayaelezi kwa nini mimi na mwenzangu tunaweza kukaa kochi moja, tukaangalia kitu kimoja, yeye asinzie na mimi nishindwe kulala. Hilo nimelifikiria sana tangu Januari, na mfano wangu ni Vinland Saga.

Fungu la kwanza lilitoka 2019. Waviking, mashoka, damu, kijana anaitwa Thorfinn anataka kulipiza kisasi cha baba yake. Kila mtu aliipenda. Rafiki yangu mmoja wa Sinza ndiye aliyenipa, tukaimaliza wikiendi moja. Kisha Januari 2023 likaja fungu la pili, na Thorfinn ni mtumwa kwenye shamba la tajiri mmoja huko Denmark, Ketil. Yeye na mwenzake Einar wanapewa kipande cha msitu. Wafyeke, wang'oe visiki, walime, wapande ngano, na wakiuza mavuno watajinunua wawe huru. Basi. Sehemu kadhaa za mwanzo ndiyo hiyo kazi.

Rafiki yangu aliangalia nne akaacha. Akaniambia: "Nimekuja kuangalia Waviking, naletewa Kilimo Kwanza." Nilicheka sana, maana kaipatia. (Wadogo zetu ambao hawaikumbuki, ilikuwa kaulimbiu ya serikali ya mwaka 2009.) Na hakuwa peke yake, mashabiki wengi duniani walilalamika hivyohivyo, kwamba vita imeenda wapi.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta na moyo unanienda mbio kwa sababu ya kisiki. Nasema kweli. Wale vijana wanavuta kisiki kwa mikono siku nzima hakitoki, wanahitaji farasi, na farasi ni wa watu. Wanamwendea mzee mmoja, Sverkel, naye anakubali kuwaazima lakini kwanza wamsaidie kazi zake. Mtu aliyekulia Sinza anaona hapo hadithi imesimama. Mimi niliyekulia Endamarariek najua hapo ndipo penyewe. Kuna mwaka nyumbani hatukuwa na maksai, mvua imeshanyesha, majirani wote wako shambani, na baba anazunguka nyumba kwa nyumba kuomba maksai na plau. Ukichelewa wiki mbili mahindi yako yatakutwa na jua kabla hayajabeba. Baba alirudi jioni ya siku ya tatu na maksai wawili wa kuazima, na kwa malipo tulikwenda kumpalilia mwenye nao siku nne. Nilikuwa darasa la sita. Hakuna pambano la Goku lililowahi kunipa presha kama ile.

Halafu ngano yao inaota, na usiku watu wenye wivu wanakuja wanaing'oa. Rafiki yangu hakufika hapo. Ningependa afike, ila najua hata angefika angesema "si wapande tena." Mwaka 2017 nilikuwa nyumbani India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei ikaporomoka, na niliona watu wazima wamekaa juu ya magunia hawaongei. Waliokuwa wanategemea hizo mbaazi kwa ada hawakuwa na cha "kupanda tena" hapo hapo. Sasa mtu aliyeona hayo ukimwonyesha ngano iliyong'olewa, utamwambia hadithi haina vita?

Halafu kuna Silver Spoon, ya 2013 na 2014, ambayo karibu hakuna mtu ninayemjua ameiangalia. Kaiandika Hiromu Arakawa, mama yuleyule wa Fullmetal Alchemist, ambaye alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido. Kijana wa mjini anakwenda shule ya kilimo, anampenda mtoto wa nguruwe dhaifu, anampa jina ingawa wenzake wamemkanya, na siku inafika nguruwe anachinjwa. Dada mmoja wa hapa kazini nilimshawishi aiangalie, akalia kabisa akaapa hatakula kitimoto (alikula baada ya wiki mbili, nilimwona). Mimi sikulia. Kwetu ng'ombe mwenye jina ndiye huyo huyo anayeuzwa mnadani ukifaulu kwenda sekondari. Nilichokipenda mimi ni kwamba hatimaye kuna katuni ambayo haikugeuza jambo hilo kuwa ukatili wala kuwa mzaha.

Sasa angalieni kosa langu lilipo. Mimi nilikuwa nachukua hivi vitu, Vinland Saga na Silver Spoon, kama ushahidi kwamba nimekua. Kwamba kuna ngazi: chini kuna Naruto na wenzake, juu kuna sisi wenye macho. Mashabiki wengi wa anime tuna huu ugonjwa. Ukisema unaipenda Naruto unaulizwa kama umeangalia Monster. Ukisema umeangalia Monster unaulizwa kama umesoma kitabu. Na ule upande mwingine nao wana wao, ukisema One Piece imekuchosha wewe si mpenzi wa kweli, ulikuwa unafuata mkumbo.

Kumbe wala sikupanda ngazi yoyote. Nilikutana tu na hadithi inayogusa pale ambapo mimi nimeguswa. Rafiki yangu wa Sinza kafiwa na baba yake akiwa mdogo, na yeye anaing'ang'ania One Piece mpaka leo kila wiki inapotoka. Siku moja nilimdhihaki, akaniambia kwa upole kwamba yeye hajali kama hadithi inaenda au haiendi. Ameanza kuiangalia akiwa darasa la saba, na wale watu wa kwenye meli hawajawahi kuondoka. Sikuwa na jibu. Unaweza kulaumu kampuni kwa kurefusha hadithi kwa ajili ya pesa, na mimi bado nalaumu, lakini kuna mtu anayeuhitaji huo urefu.

Na mimi mwenyewe nimetokea wapi? Nimetokea kwenye kibanda cha video, jenereta linaunguruma nje, tumebanana kwenye mabenchi, muvi za kivita zenye sauti ya akina Lufufu na DJ Mark juu yake wakitafsiri na kuongeza ya kwao. Nusu ya tulichokuwa tunakipenda hakikuwemo kwenye muvi hata kidogo! Mtafsiri alikuwa amekijazia. Hakuna aliyesimama kusema jamani haya hayamo kwenye kitabu. Steringi akipigwa tunaumia, akiamka tunapiga makofi, tunakwenda nyumbani gizani tunarushiana mateke.

Juzi, likizo ya Juni, mama kanipigia. Tumesalimiana, kaniuliza za kazi, halafu akasema: "Mdogo wako jana hakula. Nimemuuliza kama anaumwa, anasema kuna mzee amekufa kwenye simu."

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikaelewa. (Kama bado hujafika Shippuden ya 133, samahani sana, ruka aya hii.) Ni Jiraiya. Mwalimu wa Naruto, mzee mcheshi, anauawa na mtu aliyekuwa mwanafunzi wake mwenyewe, na anazama majini. Mimi nilipoiangalia nilikuwa kidato cha tatu, bwenini, usiku, kwenye kisimu cha mwenzangu tulichokuwa tumekificha, na nilijifunika shuka ili watu wasinione nalia.

Nikamtumia ujumbe: "Umefika 133?"

Akajibu: "Ndiyo." Baada ya muda ukaja mwingine: "Si ulisema ni ya kitoto."

Nikampigia. Mwanzoni alikuwa anaitikia tu mhu, mhu. Nikamweleza habari za lile shuka, hakuamini, akaniuliza mara mbili kama ni kweli. Halafu akaanza. Alinisimulia tangu Jiraiya anaingia kile kijiji cha mvua, akiigiza sauti zote kama zamani, na mimi namuuliza maswali kana kwamba sijui kitakachotokea. Aliniambia pia kwamba zile za kujazia aliziangalia zote, hakuruka hata moja. Tuliongea mpaka salio likakata katikati ya neno.