Miwani ya Milano, Macho ya Kilwa

Wadau, leo tuzungumzie macho.

Kila mwanzoni mwa mwaka wafanyabiashara wa miwani kutoka pande zote za dunia hukutana Milano, Italia, kwenye maonyesho yanayoitwa MIDO. Yalianza mwaka 1970. Wafaransa wana ya kwao, SILMO, tangu 1967, na Hong Kong nao wana yao kila Novemba. Yaani ni Sabasaba ya miwani tupu: fremu, lenzi, mashine za kukatia vioo, vifaa vya kupimia macho. Hakuna mama ntilie wala banda la Magereza.

Mtaalamu wa kupima macho kutoka Dar akipata nafasi ya kwenda huko, mimi namwambia nenda kaka, nenda dada. Wako wanaosema safari hizi ni matanuzi tu. Sikubaliani nao. Ufundi huu unabadilika haraka, na asiyetoka nje atauziwa mashine ya zamani kwa bei ya mpya. Tena ukikutana na mwenye kiwanda uso kwa uso, unajua bei halisi kabla ya madalali watatu hawajaweka cha juu.

Swali langu ni moja tu: anarudi na nini kwenye begi?

Nauli, hoteli na viza, vyote vinalipwa na mteja atakayenunua fremu. Kwa hiyo mfanyabiashara anarudi na fremu za majina makubwa, zile za kuwekwa kwenye kabati la kioo lenye taa. Wengi hawajui kwamba majina mengi kati ya hayo yanatengenezwa na kampuni moja, EssilorLuxottica, iliyozaliwa mwaka 2018 Waitalia na Wafaransa walipoungana. Ray-Ban ni yao, Oakley ni yao, na Prada wanaitengeneza kwa leseni. Sina ugomvi nao, biashara ni biashara. Lakini fremu hizo hazivuki Mto Rufiji kwenda kusini.

Hebu tuvuke sisi. Kilwa Masoko iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar kwa barabara. Pale Kivinje, Songo Mnara, Songosongo, na ukishuka mpaka Lindi mjini, maisha yanaendeshwa kwa kazi za macho ya karibu. Mama anasuka ukili. Mvuvi anashona wavu uliochanika. Fundi cherehani anatunga uzi. Mwingine anachambua ufuta. Mwalimu anasahihisha madaftari, na bibi anataka kusoma msahafu wake baada ya magharibi.

Sasa umri una mambo yake. Ukifika kwenye miaka 40 hivi, lenzi iliyomo ndani ya jicho inakakamaa, haijikunji tena kama zamani. Vya mbali unaviona, vya karibu vinaanza ukungu. Ndipo unapomwona mtu mzima ananyoosha mkono mpaka mwisho ili asome meseji kwenye simu. Huo si ugonjwa wala kurogwa. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta hali hiyo kwa karibu asilimia 62 ya watu wa miaka 40 na kuendelea. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya 2019, lilihesabu watu milioni 826 duniani wenye tatizo hilo ambao hawajapata msaada.

Na dawa yake ni nini? Miwani ya kusomea. Basi. Vioo viwili vinavyokuza, ambavyo kiwandani China havina gharama ya kutisha.

Hapa ndipo ninapochoka kabisa. Miwani ya kwanza inayojulikana ilitengenezwa Italia mnamo mwaka 1286, na ilikuwa ni hiyo hiyo, ya kusomea. Miongo michache baadaye Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa anajenga Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani, mji ukila sahani za China na kuvaa shanga za India. Bidhaa za dunia zilifika Kilwa kwa jahazi na upepo tu! Leo tuna ndege, makontena, na Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003. Zaidi ya miaka 700 imepita, na bado msuka mikeka anaacha kazi aliyoiweza tangu utotoni kwa sababu haoni ncha ya ukili.

Mtasema watu wa Lindi hawana hela za miwani. Ngoja niwape hesabu. Assam, India, wachuma chai wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya karibu. Utafiti ulichapishwa 2018: uchumaji wao ulipanda kwa karibu asilimia 22 kuliko wenzao wasiopewa. Bangladesh, utafiti wa 2024 ukaonyesha kipato kinapanda kwa asilimia 33. Hiyo si sadaka jamani, ni mtaji. Fundi cherehani akipata miwani leo, anaweza kuilipia kwa kazi ya mikono yake.

Wengine watasema miwani bila daktari ni hatari. Hoja hiyo naiheshimu. Miwani ya kusomea haitibu mtoto wa jicho wala presha ya macho, na mtoto wa shule lazima apimwe na mtaalamu. Lakini Rwanda walipata njia. Kuanzia 2012 waliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima macho, kutoa miwani rahisi, na kumpeleka hospitali mwenye tatizo kubwa. Kama muuguzi wa zahanati anaaminiwa kuzalisha, atashindwaje kumpa mtu karatasi aisome kwa umbali wa sentimita 40?

Tena msiseme "waje mjini". Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini pale Somanga, magari yakakwama. Na hata siku ya jua, nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuizidi miwani yenyewe.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenye maduka ya miwani ni hili. Nendeni Milano, nendeni Hong Kong. Lakini unganeni watano au sita, muagize kwa pamoja maboksi ya miwani ya kusomea, kuanzia namba moja mpaka tatu, kwa bei ya jumla. Kisha kaeni na halmashauri za Kilwa na Lindi, muwafundishe wauguzi, miwani iuzwe zahanati kwa bei ya kueleweka na faida yenu ndogo iwemo. Wateja ni wengi, faida ndogo mara elfu si ndogo tena.

Waswahili wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Sawa. Ila kuna mama pale Kivinje ana macho, anatazama, na haoni sindano. Huyo tunamwambia nini?

Naomba kutoa hoja.