Serikali Nayo Ipige Hodi

Mtu akijaribu kufuli la mlango wake usiku, hakuna wa kumlaumu. Akijaribu la jirani bila ya hodi, ataitwa mwizi, ijapokuwa nia yake ni njema.

Mwaka 1997 Serikali ya Marekani iliwatuma wataalamu wake wazishambulie kompyuta za jeshi lake yenyewe. Waliingia kwingi, hata wakubwa wakashtuka. Lakini mitambo ya umeme ya raia haikuguswa. Shambulio lake lilifanywa kwa makisio tu, maana sheria haikuwaruhusu. Hapo walitenda haki.

Mwaka 2019, katika jimbo la Iowa, idara ya mahakama ya jimbo iliajiri watu kujaribu ulinzi wake. Wawili wakaingia usiku katika jengo la mahakama ambalo ni mali ya wilaya, na wilaya haina habari. Wakakamatwa na kushtakiwa. Mashtaka yakafutwa mwaka 2020. Aliyewatuma alitoa ruhusa juu ya mali isiyo yake.

Basi twasema wazi. Umeme, maji na hospitali ni mali ya wananchi. Serikali ni mdhamini tu. Majaribio ni lazima, kwani adui hapigi hodi. Lakini yawe na sheria ya Bunge, idhini ya wenye mtambo, mtu wa kuyasimamisha mara moja, na hesabu itolewe kwa wananchi. Mgonjwa aliye katika chumba cha upasuaji asifanywe chambo.

Serikali ikiwavizia wananchi wake kwa kisingizio cha kuwalinda, nani atawalinda nayo?