Safari ya Chuma na Susi, na Faida ya Kuisimulia

Wako watu wanaodhani ya kuwa habari za safari za mashujaa ziliandikwa ili wasomaji wastaajabu tu. Mtoto husoma, hustaajabu, hufunga kitabu, na kesho yake amekwisha sahau. Kusoma kwa namna hiyo kuna faida ndogo. Anayefaidiwa ni yule asomaye, kisha akasimama mbele ya wenzake akaisimulia safari ile kwa kinywa chake mwenyewe, kitabu kikiwa kimefungwa. Kwa maana msimulizi hulazimika kujua sababu ya kila jambo, na katika kuitafuta sababu hiyo akili yake hukua, na moyo wake pia.

Na itazamwe safari ya Abdulla Susi na James Chuma. Mwezi wa Mei 1873, Daktari David Livingstone, msafiri mashuhuri mzaliwa wa Scotland, alikufa katika kijiji cha Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo huitwa Zambia. Watumishi wake wakashauriana. Bwana wao hakuwapo tena wa kuwaamuru, pwani ilikuwa mbali, na katika nchi zile watu waliogopa sana maiti kupitishwa katika miji yao. Chitambo mwenyewe aliwashauri kwa wema wamzike papo hapo. Wakakataa. Wakauzika moyo wake chini ya mti, na mwili wakautia chumvi wakauanika juani siku 14, kisha wakaufunga ndani ya gome la mti na turubai, wakashika njia ya pwani, mwendo wa maili zaidi ya 1,000.

Msomaji aweza kupita hapa mbio. Msimulizi hawezi, kwa kuwa yuko mtu katika wasikilizaji atakayeuliza, Kwa nini walikataa? Wengi hujibu kwamba walimpenda bwana wao. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Mwaka 1866 watu wengine walimkimbia Livingstone njiani, wakarudi Unguja wakatangaza kwamba ameuawa; nao walisema uongo, kwani alikuwa hai. Baada ya habari ile, nani angewaamini wapagazi waliotoka bara mikono mitupu wakisema, Bwana amekufa? Chuma na Susi walihitaji ushahidi. Kwa hiyo walichukua maiti, tena wakayatunza maandiko yake na vyombo vyake. Mwanafunzi anayeifikia sababu hii kwa kufikiri mwenyewe amejifunza jambo kubwa juu ya thamani ya neno la kweli, na hakuna aliyemhubiria.

Safari yenyewe ilikuwa ngumu. Siku chache baada ya kuondoka, wengi wao walishikwa na ugonjwa, wakakawia hapo karibu mwezi mzima. Wengine walikufa. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, mwezi wa Oktoba, walimkuta Mwingereza aliyeitwa Cameron, naye akawashauri wauzike mwili pale. Hilo lilikuwa jaribu kubwa kuliko njaa. Walikuwa wamechoka, na mtu mwenye cheo alikuwa amewapa ruhusa ya kuutua mzigo. Wakakataa mara ya pili. Hata walipofika Kasekera, wenyeji wakawa hawataki maiti ipite. Basi wakafunga mabua kwa mfano wa maiti, wakawapa wenzao wachache warudi nayo kana kwamba wanaipeleka Unyanyembe; wale walipofika porini wakayatupa mabua. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama mtumba wa nguo, ukapita. (Watoto wanaposimuliana, hapa ndipo panapowachekesha zaidi, wala si ajabu.)

Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mwili ukapelekwa Uingereza, na daktari mmoja akautambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma. Ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Katika wote waliouchukua kutoka bara, aliyekuwapo maziko ni Jacob Wainwright peke yake, kijana aliyesomeshwa Nasik, Bara Hindi. Chuma na Susi waliletwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha.

Huko ndiko walikofanya kazi yao ya mwisho katika safari ile, nayo ilikuwa kazi ya kusimulia. Bwana Horace Waller alikuwa akiitengeneza daftari ya Livingstone iwe kitabu, lakini mwenye daftari alikuwa ameacha kuandika siku chache kabla ya kufa. Chuma na Susi wakaulizwa wakajibu, wakaeleza habari za siku zile na za safari ya kurudi, hata wakajenga mfano wa kibanda alimofia bwana wao. Kitabu kikapigwa chapa mwaka ule ule wa 1874. Kama wasingalijua kusimulia kwa utaratibu, mwisho wa habari ile ungalipotea. Na Chuma huyu, aliyeokolewa mwaka 1861 mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa angali mtoto, mwaka 1879 alikuwa kiongozi wa msafara wa Joseph Thomson kwenda maziwa makuu.

Yako makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kutia chumvi. Anayeongeza simba watatu njiani amewadhulumu wale watu, kana kwamba waliyoyatenda hayakutosha. La pili hufanywa hata na watu wazima wenye elimu: husema, “Mwili wa Livingstone ulifikishwa pwani,” kama kwamba ulikwenda kwa miguu yake. Msimulizi mwema huwataja waliouchukua.

Tena wako wasiotajwa kabisa. Katika msafara ule alikuwamo Halima, mpishi wa Livingstone. Naye aliishika njia ile ile, lakini hakuitwa Uingereza kuulizwa maneno yake. Mwanafunzi akipenda kuisimulia safari hii kwa upande wa Halima, itampasa aanze na maswali: moto uliwashwa wapi wakati wa mvua, chakula kiligawanywaje watu walipougua, na nani alikesha karibu na ule mzigo usiku.