Meya anaogopa nani?

Mufereji ukijaa taka mbele ya nyumba yako, unaenda kwa nani? Watu wengi wa Lubumbashi wanaenda kwa chefu wa kartie. Ni mutu wa karibu, tunamujua. Lakini kartie haina feza yake. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilipatia muji na komine madaraka na bajeti, na huko vijijini, sekta na sheferi. Lubumbashi iko na komine 7: Lubumbashi, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Ruashi na Annexe.

Sheria ile ni kama ngazi. Raia wanachagua washauri wa komine. Hao njo wanachagua bugumestre, na tena wanachagua washauri wa muji. Washauri wa muji wanachagua meya. Basi kila mukubwa anajua nani alimuweka, na nani anaweza kumutosha. Tuliingojea miaka 15! Wakati huo wote meya na bugumestre walitoka katika karatasi ya Rais, Kinshasa.

Kwetu sendika tunajua tofauti. Delege aliyechaguliwa na wafanyakazi na yule aliyewekwa na patroni, hawasemi sauti moja kwenye meza.

Tarehe 20 Desemba 2023 kura ya washauri ilifanyika mara ya kwanza chini ya sheria ile, lakini katika komine za miji mikubwa ya majimbo tu. Huku Kasomeno, barabara ya Kasenga, karatasi ile hatukuiona. Hata hivyo jambo linatugusa, sababu ya feza ya madini.

Kodi ya migodi ya 2018 inasema: kwa kila redevansi kampuni inalipa, 50% ni ya serikali kuu, 25% ya jimbo, 10% ya mufuko wa vizazi vijavyo, na 15% inaenda kwa muji, komine, sekta ao sheferi yenye mugodi. Hiyo 15% haipashwi kupita mikononi mwa gavana. Lakini nani anaihesabu? Baraza lililochaguliwa njo lenye kupitisha bajeti, na kuuliza.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Washauri waliopigiwa kura wabandike bajeti kwenye ukuta wa komine, kwa Kiswahili, mama wa soko aisome. Na CENI ituletee kura ile huku kwenye sekta na sheferi, kwa sababu shimo la shaba halichimbwe ofisini.