Kabla ya Nyota, Lipieni Anayevunjika

Hapa Nanyamba, Mtwara, nina banda la kuonyesha mpira. Kiingilio ni shilingi 500, na siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, napandisha hadi 1,000. Wateja wangu wengi ni wakulima wa korosho. Oktoba hadi Desemba, minada ikiwa imechangamka, watu wanajaa mpaka wengine wanasimama nje na kuchungulia. Ikifika Mei, fedha zimekwisha na kila mtu anahangaikia salfa ya kupulizia dhidi ya ubwiriunga. Hapo wapo wazee wanaoomba niwaandike kwenye daftari. Nawaandika. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba fedha ya mpira inayohesabiwa Dar es Salaam sehemu yake ilitoka huku, kwenye mikorosho.

Kwa hiyo tukisikia mishahara ya wachezaji, tunapiga hesabu. Desemba 2022 mchezaji wa Yanga, Feisal Salum, aliiwekea klabu yake shilingi milioni 112 ili aondoke: milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Banda zima likagawanya palepale: milioni nne kwa mwezi, na bado kijana anaona hazitoshi. Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele alisema yeye milioni nne hajawahi kuzishika kwa mkupuo. Shauri likaenda kwa shirikisho la soka, TFF, likarudi, likaenda tena, mpaka Juni 2023 Rais Samia alipowaomba viongozi wa Yanga walimalize, na Feisal akahamia Azam.

Mimi ni Yanga damu na iliniuma. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa miezi ile yote nchi nzima ilibishana juu ya stahili ya mtu mmoja mwenye wakili, wala sikusikia ubishi wa namna hiyo juu ya vijana wanaocheza bila hata bima.

Tarehe 4 Desemba 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC, Ismail Khalfan, aliifungia timu yake bao. Muda mfupi baadaye alianguka, akafariki. Miaka minne na nusu baadaye, Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka vilevile mjini Copenhagen, moyo ukasimama. Madaktari walikuwa pembeni ya uwanja na mashine ya kuushtua moyo. Wakaushtua, ukarudi, na leo yu hai. Siwezi kusema mashine ingemwokoa Ismail, mimi si daktari. Nasema mashine ile iwepo kila mahali vijana wanapocheza mpira wa mashindano, na bei yake isiwe kisingizio kwa watu wanaoshindana kununua washambuliaji kutoka nje.

Huku chini ndiko kubaya zaidi. Kwenye mechi ya ligi ya wilaya nimeona kijana aliyevunjika mguu akipakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na rafiki yake aliyemshikilia asianguke, mguu ukining'inia. Msimu uliofuata hakuonekana uwanjani, na hakuna aliyeuliza. Ndanda yetu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, Mtwara nzima ilikuwa ikiimba Kuchele, na pale Nangwanda Sijaona tuliwapokea wakubwa wote. Timu ikashuka mwaka 2020. Wale waliotupa raha ile wamerudi kwenye mashamba na vijiwe, wengine na magoti mabovu. Nao mwendo wa barabara ya kusini tunaujua. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likitoka kucheza Ruangwa, na wachezaji wakaumia.

Nikiwawaza wanaovunjika, nakumbuka pia farasi. Mtoto wa kaka yangu yuko Oman, anatunza farasi wa mbio. Huwa ananitumia sauti kwenye simu usiku akimaliza kazi. Aliniambia, "Shangazi, huyu akivunjika mguu ndiyo basi." Nikamuuliza kwa nini wasimfunge plasta kama mtu. Akanieleza: farasi ana uzito wa karibu kilo 500, na chini ya goti hana nyama, ni mfupa na kano. Hawezi kulala wiki nyingi mfupa uunge. Akiegemea miguu iliyobaki, nayo kwato zake zinaharibika kwa ndani. Barbaro, farasi wa Marekani aliyeshinda Kentucky Derby Mei 2006, alivunjika mguu wa nyuma wiki mbili baadaye. Alikuwa na madaktari bora na fedha tele, wakahangaika naye miezi minane, na Januari 2007 wakalazimika kumuua. Mwaka 2008 farasi jike Eight Belles alimaliza wa pili katika mbio hizohizo, akavunjika miguu yote miwili ya mbele, akauawa palepale. Mbio za Dubai World Cup zina zawadi ya dola milioni 12, na farasi hajui hata kama zipo.

Mchezaji wa ligi ya wilaya si mnyama. Lakini yeye na farasi wanafanana kwa jambo moja: hakuna anayewaita mezani fedha zikigawanywa.

Wenzetu wa farasi wameanza kubanwa. Baada ya farasi zaidi ya 30 kufa mwaka 2019 katika uwanja mmoja wa California, Santa Anita, kelele za watu zilizaa sheria ya mwaka 2020 na chombo cha kitaifa cha kusimamia usalama. Uingereza nao wamepunguza farasi wa Grand National kutoka 40 hadi 34 tangu 2024. Haikuwa huruma ya matajiri. Watazamaji ndio waliokataa kutazama vifo.

Na sisi tuna nguvu hiyo. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6. Thamani hiyo ipo kwa sababu watu wanatazama, wakiwemo hawa wa shilingi 500. Basi Bodi ya Ligi na TFF waandike kwenye kanuni: klabu isiyoonyesha bima ya matibabu ya kila mchezaji wake, wa timu ya vijana akiwemo, isisajili mgeni hata mmoja. Fungu la fedha za matangazo likatwe kabla ya mgawo, linunue mashine za moyo na kulipia gari la wagonjwa hadi ngazi ya wilaya. Nanyi wenye kadi za Simba na Yanga, mkutano wa tawi lenu ukiitishwa, kabla ya kuuliza nani anasajiliwa, ulizeni nani alivunjika msimu huu na nani amelipa hospitali.