Kwaya ya Wafanyakazi si Pambo la Kupokea Wageni



Katika matawi yetu mengi kwaya hukumbukwa siku ya mgeni tu. Waimbaji husimamishwa juani, hupewa soda, kisha husahauliwa. Sisi tunasema huko ni kudharau silaha yetu wenyewe. Tuwatazame wenzetu wa Afrika Kusini.

Huko vijana wa Kizulu waliotoka vijijini kwenda viwandani na migodini waliwekwa katika mabweni ya wanaume watupu, mbali na wake na watoto wao. Jumamosi usiku waliimba bila ngoma wala gitaa, wakishindana hadi alfajiri, kwa hatua za kunyata. Uimbaji huo huitwa isicathamiya.

Joseph Shabalala, mfanyakazi wa kiwandani mjini Durban, alianzisha kwaya pamoja na ndugu na jamaa zake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ikaitwa Ladysmith Black Mambazo: mji wa kwao, ng'ombe weusi wenye nguvu, na shoka. Mwaka 1970 redio iliwatangaza, mwaka 1973 ikatoka sahani yao ndefu ya kwanza, na mwaka 1988 wakapata tuzo ya Grammy huko Marekani. Shabalala alifariki mwaka 2020, lakini kwaya ingali hai.

Upo na upande wa uchungu. Solomon Linda, mfanyakazi wa kampuni ya sahani za muziki mjini Johannesburg, aliimba "Mbube" na kundi lake la Evening Birds mwaka 1939. Haki ya wimbo ilimtoka kwa kama shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia na kuwatajirisha wengine. Yeye akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walishitaki, na mapatano yakafikiwa mwaka 2006 tu.

Wengine watasema wimbo hauongezi mshahara. Kweli, peke yake hauongezi. Lakini asiyethubutu kusema mbele ya meneja hujifunza kwenye kwaya kusimama na wenzake, kufika kwa wakati, na kupaza sauti moja.

Basi kila tawi litenge saa za mazoezi. Kila wimbo uandikwe daftarini: nani katunga, na lini. Wala mtu asitie sahihi karatasi ya mwenye studio kabla kamati haijaisoma. Wimbo nao ni jasho, na jasho la mfanyakazi halitolewi bure.

Umoja ni nguvu!