Muhuri wa mwenyekiti sio hati

Wadau, kuna jibu moja limenichosha. Kila nikimuuliza msomi mwenzangu amejuaje kwamba nyumba anayotaka kununua ni ya huyo anayeiuza, ananiambia: "Tutaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa." Basi, kamaliza uchunguzi! Huyu huyu akinunua simu Kariakoo anabonyeza *#06#, anafungua kava, anaita na rafiki aikague. Simu ya laki tatu.

Mwenyekiti anashuhudia kuwa watu wawili wamekaa mbele yake na pesa zimehesabiwa. Hajui kama nyumba imewekwa rehani benki. Hajui kama marehemu baba yao aliacha watoto wengine sita. Na ile asilimia kumi anayodai, hebu mwulizeni imeandikwa kwenye sheria gani.

Wengine wananiambia, ah, mbona umeme upo, maji yapo, kodi ya majengo inalipwa? Jamani, tumesahau upesi hivyo? Mwaka 2017 nyumba kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilivunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, inayofika zaidi ya mita 120 kila upande. Nyingi zilikuwa na mita za umeme. Mwaka huo huo Rais Magufuli aliagiza hata jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo livunjwe. Wauza umeme wenyewe hawakusalimika, wewe luku yako itakutetea kwa nani?

Chukua namba ya hati, nenda kwa Msajili wa Hati, lipia upekuzi. Utaona jina la mmiliki, rehani kama ipo, na zuio kama limewekwa. Haina hati? Nenda kwa watu wa mipango miji wa manispaa, kisha kaa na majirani bila dalali. Na umwone mke wa muuzaji, tena ana kwa ana. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na mwenza huwa anajitokeza ukishahamia.

Ukipita mitaani angalia kuta: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Mwenye nyumba katumia hela yake kununua rangi kwa sababu anatujua. Ofisini hatuendi kuuliza.